Ufanano na Uamuzi wa Mkono: Uhakiki wa Michoro ya Lupita Nyong'o Iliyochorwa na Wachoraji wa Ridhaa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki michoro ya uso wa mwigizaji Lupita Nyong'o inayochorwa kwa mkono na wachoraji wa ridhaa na kusambazwa miongoni mwa mashabiki wake. Hoja kuu ni kwamba kigezo kinachotawala katika kuithamini michoro hiyo, yaani ufanano wake na picha ya kamera, kinaficha kazi halisi iliyofanywa na mchoraji. Makala yanachunguza uchoraji wa ngozi nyeusi, uchoraji wa nywele za kipilipili, na tofauti kati ya mwigizaji na mhusika. Yanahitimisha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kuanzishia uhakiki wa sanaa hii, na kwamba asasi za lugha na elimu zinapaswa kuukusanya na kuusanifisha.

Utangulizi

Tarehe 2 Machi 2014, Lupita Nyong'o alitunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa kuigiza nafasi ya Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave. Tangu hapo uso wake umekuwa miongoni mwa nyuso zinazochorwa sana na watu ambao uchoraji si kazi yao ya kuwapatia mkate. Wapo wanafunzi, walimu, makarani na vijana wasio na ajira. Huchora kwa penseli, mkaa, kalamu ya wino au penseli za rangi, kisha huipiga picha michoro yao na kuwaonyesha wengine katika mitandao ya kijamii. Nyong'o mwenyewe amewahi kusambaza baadhi ya kazi za aina hiyo.

Kiswahili cha michezo kina neno linalowafaa watu hawa. Bondia asiyepigana kwa malipo huitwa bondia wa ridhaa. Makala haya yanaliazima neno hilo na kuwaita wachoraji wa ridhaa, kwa kuwa wanachora kwa kupenda kwao. Neno hilo lina faida ya pili itakayoonekana baadaye: linakumbusha kwamba katika picha ya mtu kuna ridhaa ya mchoraji na pia kuna ridhaa ya mchorwa.

Kazi za wachoraji hawa hazijapata wahakiki wa Kiswahili. Uhakiki wetu umejikita katika ushairi, riwaya, tamthilia na fasihi simulizi. Sanaa ya kuonwa inapotajwa, mara nyingi ni vinyago, kanga au michoro ya matatu, na hutajwa kama kielelezo cha utamaduni badala ya kazi iliyotokana na maamuzi ya msanii. Mchoro wa penseli wa shabiki hauingii hata katika orodha hiyo. Hata hivyo, kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki huo ndio mlango wa kwanza wa kuingia katika sanaa.

Ufanano kama kigezo

Sifa inayotolewa mara nyingi kwa mchoro wa aina hii ni kwamba unafanana kabisa na picha, au kwamba mtazamaji alidhani ni picha. Lugha yenyewe inachangia mkanganyiko huo. Neno picha hutumika kwa kilichopigwa na kamera, kilichochorwa kwa mkono na, katika mazungumzo ya kawaida, hata filamu. Mtu anapouambia mchoro kuwa ni kama picha, anachukulia kwamba ile ya kamera ndiyo picha yenyewe na ya mkono ni mgeni wake.

Kigezo hiki hakikosi msingi. Mtu anayemchora mwigizaji anayempenda hutaka atambulike, na mchoro ambao watazamaji hawamtambui mhusika wake umepungukiwa na jambo la lazima. Ufanano pia ni nidhamu nzuri kwa anayejifunza. Wachoraji wengi wa ridhaa hugawa picha ya kamera katika miraba, wakachora miraba hiyohiyo kwenye karatasi, kisha wakahamisha mistari mraba mmoja baada ya mwingine. Njia hiyo hufundisha jicho kupima umbali kati ya pua na mdomo bila kudanganywa na mazoea.

Tatizo huanza pale ufanano unapofanywa kuwa mwisho wa tathmini. Wachoraji wenyewe wanaonekana kulihisi tatizo hilo. Ni desturi yao kuulaza mchoro mezani na kuweka penseli juu ya karatasi kabla ya kuupiga picha. Wengine huonyesha hatua za kazi, kuanzia jicho moja lililokamilika katikati ya uso mtupu. Penseli ile ni shahidi. Inasema kwamba kitu hiki kimefanywa na mkono. Hapa pana kinaya: mchoraji huweka ushahidi wa mkono wake, na mtazamaji humsifu kwa kuufuta mkono huo.

Leo kinaya hicho kina gharama mpya. Programu za akili mnemba, ambazo wengine huziita za akili unde, zinaweza kutoa kwa sekunde chache picha inayofanana na mchoro wa penseli. Ikiwa thamani ya mchoro ni ufanano tu, mchoraji aliyekesha siku kumi hana hoja ya kujitetea mbele ya mashine. Uhakiki unaosifu ufanano peke yake unamnyang'anya hoja hiyo kabla hajaihitaji.

Weusi wa ngozi

Uso wa Nyong'o unaonyesha vizuri mahali ambapo mkono huamua. Karatasi nyeupe ndiyo nuru ya juu kabisa anayokuwa nayo mchoraji wa penseli. Mwenye kuchora uso mweupe anaweza kuacha sehemu kubwa ya karatasi ilivyo na kuongeza vivuli vichache. Mwenye kuchora uso mweusi hana njia hiyo ya mkato. Analazimika kukoleza karibu uso mzima, na bado abakishe tofauti za kutosha ili paji, kitako cha shavu na taya visimezwe na giza moja.

Penseli nayo ina mipaka yake. Penseli laini, kama za 4B na 6B, hukoleza zaidi, lakini zikisuguliwa tabaka juu ya tabaka hutoa mng'ao wa kijivu ambao huupausha weusi uliokusudiwa. Mkaa hutoa weusi usiong'aa, ila ni mgumu kudhibiti katika sehemu ndogo kama kope. Wapo wanaotumia karatasi ya kaki, ambayo rangi yake huwa kivuli cha kati tangu mwanzo, wakaongeza weusi kwa mkaa na nuru kwa penseli nyeupe. Wanaotumia rangi hugundua kwamba penseli nyeusi peke yake huufanya uso uonekane kama umepakwa masizi, na kwamba weusi wenye uhai hupatikana kwa kuchanganya kahawia na buluu, zambarau au nyekundu.

Kila moja ya njia hizi ni uamuzi, na uamuzi huo una uzito wa kijamii. Katika hotuba aliyoitoa mwezi Februari 2014, Nyong'o alieleza kwamba utotoni aliomba Mungu amfanye mweupe zaidi, na kwamba kumwona mwanamitindo Alek Wek akisifiwa kulimsaidia kujitazama upya. Mwaka 2019 alichapisha kitabu cha watoto, Sulwe, kuhusu msichana mwenye weusi wa usiku wa manane. Mchoraji anayekoma kukoleza mapema, ama kwa kuogopa kuharibu karatasi ama kwa mazoea ya kudhani kuwa uzuri uko kwenye weupe, anatoa uso ambao mistari yake ni sahihi lakini ngozi yake ni ya mtu mwingine. Kwa kigezo cha ufanano, mchoro huo unaweza kusifiwa bila dosari hiyo kutajwa.

Nywele na ridhaa ya mchorwa

Mwezi Novemba 2017, jarida la Grazia la Uingereza lilitoa jalada lenye picha ya Nyong'o ambamo sehemu ya nywele zake ilikuwa imefutwa na nyingine kulainishwa. Nyong'o alipinga hadharani. Alieleza kwamba nywele zake zilibadilishwa ili ziendane na dhana finyu ya urembo, na jarida likaomba radhi. Tukio hilo linabatilisha imani kwamba picha ya kamera ni kipimo kisichoegemea upande. Shabiki ambaye angelinakili jalada lile kwa uaminifu wote, mraba kwa mraba, angeunakili pia ufutaji ule.

Kwa hiyo uchoraji wa nywele zake ni kipimo cha uangalifu. Baadhi ya michoro huzijaza kwa weusi mmoja wenye ukingo mkali, zikawa kama kofia iliyobandikwa. Mingine hujenga nywele kwa misokoto midogo ya penseli, inayosongamana utosini na kupungua kuelekea kwenye paji, kiasi kwamba ukingo wa nywele unapumua. Mchoraji wa aina hii ya pili ametazama nywele za kipilipili kwa sifa zake zenyewe, bila kuzipima kwa nywele za singa. Katika michoro kadhaa, sehemu hii ni bora kuliko macho, ingawa watazamaji huyasifu macho zaidi.

Hapa ndipo maana ya pili ya neno ridhaa inapohitajika. Nyong'o hakukaa mbele ya wachoraji hawa, na hakuulizwa. Alichokisema kuhusu jalada lile, hata hivyo, kinawapa mwongozo wa namna ambavyo angependa kuonekana. Mchoro unaozitunza nywele zake unaheshimu kauli hiyo. Huo ni wajibu wa kimaadili ambao mhakiki anaweza kuupima kwenye karatasi.

Sura moja, watu wawili

Udhaifu wa kigezo cha ufanano unajidhihirisha zaidi katika michoro inayotokana na filamu ya Us ya mwaka 2019. Ndani yake Nyong'o aliigiza wahusika wawili wenye sura moja: Adelaide, mama wa familia iliyo likizoni, na Red, kivuli chake kinachotoka chini ya ardhi. Pua ni ileile, midomo ni ileile, na vipimo vya miraba haviwezi kutofautiana. Mchoro uliofanana na Nyong'o kikamilifu bado haujatueleza ni nani aliyechorwa.

Tofauti imo katika mambo ambayo mwigizaji aliyafanya kwa mwili wake. Red hukaa wima kupita kiasi, macho yamekodolewa, shingo imekazwa. Adelaide ana hofu inayojaribu kujificha. Wachoraji dhaifu humtofautisha Red kwa vazi lake jekundu na mkasi peke yake. Walio makini hushughulikia kope la juu, hukaza mstari wa shingo, na huacha mdomo ukiwa umefunguka kidogo kana kwamba sauti inakwama. Wameusoma uigizaji, wakautafsiri kwa penseli.

Hali hiyohiyo inajitokeza katika michoro ya Nakku Harriet, mama wa bingwa wa sataranji Phiona Mutesi, ambaye Nyong'o alimwigiza katika Queen of Katwe mwaka 2016. Anayemchora Harriet akampa mng'ao wa zulia jekundu amemchora nyota, akampoteza mama wa Katwe aliyelemewa na maisha. Swali la mhakiki basi linapaswa kuwa: je, mchoro huu unafanana na nani, katika wakati gani, na akiwa katika hali gani?

Msamiati na sera

Huenda ikadaiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kufanyia uhakiki wa namna hii. Mjadala uliotangulia umetumia kukoleza, kivuli, nuru, ukingo, tabaka, msokoto, kipilipili na singa, na hakuna hata moja kati ya hayo lililobuniwa kwa ajili ya makala haya. Watumiaji wa lugha hutofautisha mweusi tii na mtu wa maji ya kunde bila kusita. Susi na kinyozi wanajua majina ya nywele kuliko mwalimu wa sanaa. Kilichokosekana ni daraja kati ya ujuzi huo wa mtaani na darasa, ambako sanaa hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza au Kifaransa katika sehemu kubwa ya kanda.

Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya kitaifa, ikusanye istilahi za uchoraji kutoka kwa wachoraji wa mabango, wasusi, vinyozi na wachoraji wa ridhaa, kabla ya kuunda istilahi mpya kwa kutafsiri. Pili, tathmini ya uchoraji wa nyuso shuleni itenge alama kwa ajili ya uchoraji wa ngozi na nywele za Kiafrika na kwa maelezo ya mwanafunzi kuhusu maamuzi yake, badala ya kutoa alama zote kwa ufanano na picha aliyopewa.

Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba kila mchoro wa shabiki ni kazi bora. Mingi ni mazoezi, na mingine inarudia makosa ya picha ilizozinakili. Lakini iliyo mizuri ina uzuri unaoweza kuelezwa: weusi ulioko kwenye kiwango chake, nywele zilizotazamwa, na kope moja lililoshushwa kwa sababu mhusika anaogopa. Mchoraji aliyeambiwa kwamba kazi yake ni kama picha hajui afanye nini kesho. Aliyeambiwa kwamba taya limekolezwa vizuri lakini paji limeparara anajua pa kuanzia.