Kazi ya Chini ya Dashibodi

Mtu wa Eldoret akifungua boneti ya Datsun ya zamani mbele ya wenzake, huwa amejiandaa kwa maswali ya injini: imetoka kwenye gari gani, ina silinda ngapi, ina turbo au haina. Hakuna anayeinama kutazama vikanyagio. Nadai kwamba wanaojazana kwenye boneti wanatazama mahali rahisi. Kuingiza injini ya Nissan Skyline ndani ya Datsun 240Z ni kazi ya winchi, mabano ya chuma na subira, na mafundi wanaoiweza hawajaadimika. Kulifanya gari hilo limtii mguu wa binadamu ni jambo jingine kabisa. Klachi iachie pale dereva anapoitarajia, breki ishike bila kumrusha mtu kwenye kioo, mafuta yaje kwa kadiri ya wayo. Hapo ndipo fundi hujulikana, na ufundi huo tunauacha ufe kwa sababu haupendezi kwenye picha.

240Z si gari la kigeni kwetu. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally nalo mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo mwaka 1973, enzi ambazo matope ya Safari yaliamua mengi kuliko mashine. Wapo wanaosema gari lenye historia kama hiyo halipaswi kuguswa: libaki na injini yake ya L24, cc 2,393, na kabureta zake mbili. Naelewa wivu huo. Lakini gari la michezo lisilokimbia ni fanicha, na vipuri vya injini ya nusu karne havingojei mtu dukani. Isitoshe Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina mgandamizo pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa, na kabureta zilizopangwa kwa hewa ya pwani hulalamika zikifika huku. Anayebadilisha injini ana sababu zake. Lawama yangu naielekeza kwa anayeibadilisha kisha akadhani amemaliza kazi kwa kuwa imewaka.

Maana injini ikishaingia, chini ya dashibodi kunabaki mambo yasiyopatana. Mafuta ya L24 yaliendeshwa kwa vyuma vilivyoungana kiungo kwa kiungo. Injini ngeni inadai kebo. Turbo ya RB25, injini hiyo ya Skyline, hukaa upande wa kulia, upande uleule wa usukani na masta silinda katika magari yetu, kwa hiyo joto lake hupiga pale pasipotakiwa joto. Klachi nayo inasukumwa na masta silinda ya zamani kwenda kwenye giaboksi isiyoijua. Fundi wa haraka hufunga masta silinda iliyo karibu. Tuseme ametoa ya kipenyo cha robo tatu ya inchi na kuweka ya tano kwa nane: tofauti haizidi upana wa punje ya mtama, lakini kubwa husukuma maji kwa asilimia 44 zaidi kwa kila hatua ya mguu. Akiweka ndogo, klachi inakuwa laini kama mto wa kulalia ila haiachii sawasawa, na gia zinasaga. Akiweka kubwa, klachi inaachia mapema, lakini goti la dereva litamuuma kabla hajatoka kwenye msongamano wa Barabara ya Uganda. Fundi anayeijua kazi hupima kwanza umbali ambao beringi ya klachi inahitaji kusogea kule ndani, ndipo arudi nyuma kwa hesabu hadi kwenye kikanyagio. Kisha anaacha ulegevu kidogo juu kabisa, ili mguu ukitulia beringi isiendelee kubanwa na kujimaliza bure.

Utaratibu wa kazi yenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu. Breki ndiyo hupangwa kwanza, na mkono wake haukatwi. Kila kitu kingine ndicho kinachosogea kuifuata: kikanyagio cha mafuta, bati la sakafu, hata kiti. Mwenye gari huketishwa akiwa amevaa viatu anavyoendeshea, hukanyaga breki kwa nguvu zake zote, na kikanyagio kikiwa kimeshuka na kusimama, fundi huweka alama ya chaki. Kikanyagio cha mafuta kinatakiwa kiwe usawa na alama hiyo au chini yake kidogo, si usawa na breki iliyopumzika. Asiyejua sababu aulize barabara ya Iten kwenda Kabarnet, inayoporomoka kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 za mteremko na kona. Dereva wa gari la michezo anayerudisha gia kwenye kona hizo hukanyaga breki kwa upande mmoja wa wayo na kugusa mafuta kwa upande wa pili, huku mguu wa kushoto uko kwenye klachi. Kikanyagio cha mafuta kikiwa chini mno, wayo haufiki. Kikiwa juu mno, anayefunga breki kwa hofu anaongeza mafuta papo hapo. Nafasi kati ya viwili hivyo ina hesabu yake, na katika Uasin Gishu hesabu hiyo haina budi kujumuisha gambuti, kwa kuwa msimu wa mahindi hata mwenye 240Z huenda shambani. Fundi hukata kielelezo cha katoni, anakijaribu, anakikata tena, na chuma kinaguswa mwisho. Ni kazi ya fundi cherehani anayepima suruali mwilini mwa mtu badala ya kuuliza saizi.

Zipo hoja mbili nzito dhidi ya haya. Ya kwanza inasema vikanyagio vilivyokamilika vinauzwa ng'ambo, pamoja na masta silinda zake, kwa nini kuhangaika? Vinauzwa kweli, na ni vizuri. Lakini vingi havina busta, vinategemea nyenzo ya kikanyagio chenyewe, takriban sita kwa moja, ilhali breki zenye busta huwa karibu nne kwa moja. Anayechanganya viwili hivi bila kupima anapata breki ngumu kama jiwe au breki inayofunga magurudumu kwa mguso. Na busta yenyewe huishi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la injini, tofauti ambayo kwenye mwinuko wa Eldoret ni ndogo kuliko pwani. Kijitabu kilichokuja na kisanduku hakikuandikwa kwa ajili ya Kapseret. Hoja ya pili ni nzito zaidi: mafundi wa jua kali huchomelea breki, na breki iliyochomelewa vibaya huua. Hilo silipingi. Ndiyo sababu nimesema mkono wa breki haukatwi, na fundi anayeukata ili kuokoa saa mbili si wa kusifiwa na insha yoyote. Ila kosa lake halifuti ujuzi wa jirani yake, aliyejifunza kwa miaka mingi kwenye pikapu na Peugeot 504 ambazo injini zake zilibadilishwa zaidi ya mara moja.

Jirani huyo anazeeka, na hana mwanafunzi. Leseni ya daraja la B1 humruhusu kijana kuendesha maisha yake yote bila kugusa klachi, na injini mpya zinazoletwa sasa hazina hata kebo. Kikanyagio ni swichi yenye vihisi viwili, na kinachotafutwa ni mtu wa kompyuta. Haya yangevumilika kama tungekuwa tunatunza kilichokwisha kufanywa. Injini ikibadilishwa, namba yake mpya huandikishwa kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, na kuingia kwenye kumbukumbu za gari, lakini hakuna hati inayotaja aliyepanga vikanyagio wala sababu zake. Gari likiuzwa, fundi wa mnunuzi hukuta kibati kidogo chini ya kikanyagio cha mafuta, kimefungwa kwa bolti moja, hakifanani na kitu chochote cha kiwandani. Kazi yake ni kumsimamisha dereva pale hasa injini inapokuwa imefunguka yote, ili nguvu ya mguu isiishie kwenye kebo. Fundi anakiona takataka, anakifungua, anakitupa. Baada ya miezi michache kebo inakatika mahali fulani karibu na Kaptagat, na mnunuzi anamlaumu Mjapani aliyeitengeneza.