Wazande, Wafipa na hitimisho linalokataliwa

Kuna makala moja ya mantiki ambayo mtu yeyote wa Sumbawanga aliyewahi kutaniwa ndani ya basi angeifurahia, ingawa walioiandika hawakutufikiria hata kidogo. Waandishi ni Newton da Costa, mwanamantiki wa Brazil, pamoja na Otávio Bueno na Steven French. Ilitoka mwaka 1998, na kichwa chake ni swali: je, kuna mantiki ya Kizande?

Kwanza fumbo lenyewe. Wazande wanaishi kaskazini mwa Kongo na upande wa Sudan Kusini. Mwaka 1937 E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu kikubwa kuhusu uchawi wao, na ndani yake kuna kurasa chache ambazo wanafalsafa wamezitafuna mpaka leo. Kwa Mzande, anasema, uchawi ni kitu kilichomo tumboni. Maiti ikipasuliwa kinaonekana. Tena kinarithiwa: mwana wa kiume anakipata kwa baba, binti kwa mama. Sasa, ukoo ni watu wa damu moja kwa upande wa baba. Kwa hiyo akikutwa mwanamume mmoja na kitu hicho, wanaume wote wa ukoo wake ni wachawi. Hesabu imefungwa. Lakini Wazande, ambao hoja hiyo wanaielewa vizuri tu, hawalikubali hitimisho. Watakwambia wachawi ni baba, ndugu, wale wa karibu na mchawi aliyejulikana. Ukoo mzima? Hapana.

Wengine wakaona hapo kuna akili ya aina nyingine. David Cooper, mwaka 1975, akapendekeza mantiki ambayo ndani yake kauli inaweza isiwe kweli wala uongo. Merrilee Salmon akamjibu mwaka 1978 kwamba mantiki ya kawaida inatosha kabisa. Da Costa na wenzake wanaingia katikati na njia ya tatu, na hapo ndipo makala inapopendeza.

Katika mantiki ya kawaida ukinzani ni moto wa nyika. Ukikubali kwamba mvua inanyesha Sumbawanga na papo hapo hainyeshi, basi kwa kanuni zilezile unaweza kuthibitisha lolote, hata kwamba Ziwa Rukwa liko Zanzibar. Da Costa alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kujenga mantiki inayovumilia ukinzani: unaweza kuwa na kauli mbili zinazopingana bila kila kitu kuungua. Hoja imewekewa mkuza, kama shamba. Kwa mtazamo huo, Mzande anaweza kushikilia imani zinazogongana na bado akafikiri sawasawa kuhusu mambo mengine yote, bila kuitwa mjinga na bila kubuniwa ubongo wake wa pekee.

Ni kazi safi. Tatizo langu ni kwamba inachukulia imani za watu kama orodha ya kauli zilizoandikwa ubaoni, kisha inauliza zinakaaje pamoja. Haiulizi zinafanya kazi gani kijijini. Evans-Pritchard mwenyewe alikuwa ameshasema: Mzande hashughuliki na uchawi kwa jumla. Anauliza juu ya mtu fulani, kwa msiba fulani, leo. Na njia za kutokea zipo. Fulani ana uchawi lakini umepoa, haufanyi kazi. Au fulani si mtoto halali wa ukoo, hivyo hakurithi. Ukizisoma njia hizi ukiwa chumba cha seminari, zinaonekana ni viraka. Ukizisoma ukiwa mahali ambapo neno "mchawi" linaweza kumfikisha bibi wa watu kaburini, unaona kitu kingine. Kukataa kulitamka hitimisho kunaokoa ukoo mzima.

Pengine namkarimu Mzande kupita kiasi. Evans-Pritchard angesema tu kwamba hakuwa na haja ya nadharia. Sawa. Lakini hebu tuone kinachotokea watu wanapoamua kuwa na mantiki mpaka mwisho, na kwa hilo hatuna haja ya kwenda mbali.

Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1968 makala kuhusu Kamcape, vuguvugu la kusafisha vijiji kwa kuondoa uchawi. Miongo mitatu kabla yake, Audrey Richards alikuwa amewaeleza Bamucapi, ndugu zake Kamcape, waliokuwa wakipita kwa Wabemba, majirani zetu wa upande wa Zambia. Wanakuja vijana, wageni. Kijiji kizima kinakusanywa, wote wanapitishwa mmoja mmoja, vitu vinavyotiliwa shaka vinatolewa hadharani, dawa inatolewa. Na onyo: aliyekwisha kupata dawa akirudia uchawi, dawa itamuua.

Ifuate hoja hiyo taratibu. Mtu akifa baada ya kijiji kusafishwa, ni kwamba alirudia uchawi, na dawa imefanya kazi. Asipofa mtu, dawa imefanya kazi. Hakuna tukio linaloweza kuipinga. Na tofauti na Wazande, hapa hakuna aliyeachwa nje. Shaka imepewa kila mtu na kusafishwa kwa kila mtu. Hakuna ukinzani hata mmoja. Mwanamantiki wa kawaida hana pa kushika, na da Costa hana cha kuvumilia. Kwangu hili ndilo pengo la makala ya 1998: inadhani kinachohitaji tiba ni kupingana, wakati imani iliyojipanga bila ufa inaweza kuwa na makali zaidi kuliko ile yenye nyufa ambazo watu hupenya kutokea.

Na utani wa ndani ya basi? Umejengwa kwa fundi yuleyule. Jina Sumbawanga, kwa maelezo ambayo karibu kila mwenyeji atakupa, ni agizo: tupa uchawi. Mtu wa Dar analisikia, anacheka, anasema kumbe ndio maana, kama mnautupa basi mnao. Ukikana, unaficha. Ukicheka naye, umekiri. Ukinyamaza, aa, huyo ndiye mwenyewe. Nimeshasikia mikato hii kwenye ofisi za watu wenye shahada mbili, ambao Wazande wa Evans-Pritchard wangewaonea huruma. Hapo huhitaji mantiki mpya kutoka Brazil, bwana. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza anaweza kuonyesha kwamba dai linalothibitishwa na kila jibu halijathibitishwa na jibu lolote.

Wanafalsafa wana desturi nzuri ya warsha: watu ishirini, siku mbili, kazi ya mtu mmoja mezani, inachambuliwa ukurasa kwa ukurasa. Kazi ya da Costa inastahili hivyo, na kuna sababu ya kuileta juu huku Ufipa, makala ya Zande ikiwekwa pembeni ya ile ya Willis, na mjadala uende kwa Kiswahili. Maneno tunayo: mantiki, hoja, ukinzani, hitimisho. Chai itapatikana, na baridi ya mwezi wa sita itawakalisha ndani. Swali langu la kwanza kwa mtetezi wa mantiki vumilivu lingekuwa hili: kwenye mfumo wenu, bibi aliyesimamishwa mbele ya kijiji akisema "mimi si mchawi", kauli yake inahesabiwa kama ushahidi wa nini?