Hoteli ya Majini, na Sitaki Kutoka

Jamani, nimeshindwa kungoja hadi nimalize. Nimebakiza sura chache za Nura and the Immortal Palace, riwaya ya M.T. Khan iliyotoka 2022, na tangu jana magharibi sijaiweka chini ila kwa kuswali na kugeuza chapati. Moja imeungua.

Nura anaishi katika mji wa viwanda huko Pakistan. Mama anashinda kwenye kiwanda chakavu kwa ujira wa kijungujiko, wadogo zake watatu wanataka kula, naye yuko shimoni akichimba madini ya ulanga. Anatamani mtandio mwekundu na gulab, kile kitonge kinachovuja shira. Basi shimo linaporomoka. Watoto wanne wamefukiwa, akiwemo rafiki yake Faisal, na watu wazima wameshawahesabu maiti. Nura hataki kusikia. Anachukua sepetu, anachimba, anachimba, na kutokea kwenye mbingu ya zambarau na bahari ya waridi.

Ujinini! Hapo nikapiga ukelele, nyumba nzima ikaja kuuliza kuna nini.

Majini hawa wana hoteli, tena ya kifahari, na Nura anakaribishwa kama malkia. Mimi nimekua nikijua jini hukaa mbuyuni, akitaka kitu anampanda mtu kichwani, anadai ubani na marashi, basi. Wa Bara Hindi wana mambo ya ofisi. Kule Delhi, kwenye magofu ya Feroz Shah Kotla, ngome ya karne ya 14, watu huwapelekea majini barua siku ya Alhamisi. Barua kabisa, yenye shida zao, na wengine huitoa fotokopi wakaacha nakala kwenye mashubaka mbalimbali, kama mtu anayezungusha faili idara hadi idara. Penye ofisi, hoteli itashindikana vipi?

Na penye hoteli pana wafagiaji. Nura anamkorofisha mtoto wa mwenye hoteli, anatupwa upande wa watumishi, na huko anamkuta nani? Faisal! Na wale wenzake, wote wazima, wote kazini, na wasipotoroka watatumika humo milele. Nywele zilinisimama. Mtoto katoka shimoni, kaingia shimo lingine lililopakwa dhahabu, na safari hii hata jioni haifiki.

Ulanga wenyewe Khan hakuubuni. Ndio unaozipa rangi za macho na rangi za magari ule mng'ao, na huko Jharkhand, India, watoto wameuchimba na kuuokota kwa mikono. Nilipowaza hayo nilikwenda kufungua kikopo changu cha rangi ya macho, nikakigeuzageuza kwenye taa. Kinametameta kweli. Nimekirudisha kabatini.

Kasoro? Ipo. Mwandishi, mzaliwa wa Lahore aliyesomea uhandisi wa mitambo, wakati mwingine anakaza skrubu iliyokwishakazwa: jambo umeshalielewa, naye analieleza tena. Mtoto wa miaka 10 atakuwa ameshamtangulia kurasa mbili. Na nimeisoma kwa Kiingereza huku kila neno likinijia kwa Kiswahili. Wafasiri, mko wapi?

Sasa niacheni. Faisal bado yumo ndani, na sijui kama mlango utafunguka.