Shajara ya Livingstone na Kiu ya Maziwa

Washairi wetu waandikao kutoka ughaibuni wana mazoea ya kutuletea machozi kabla ya kutuletea sababu yake. Nyumbani huwa jina kubwa lililozungukwa na bahari, minazi na mbalamwezi, na msomaji aliyebaki Unguja au Lamu humaliza beti zote asijue mwandishi amekosa nini hasa. Kwa ajili hiyo napendekeza tukisome kitabu kisichoandikwa na mshairi: shajara za mwisho za David Livingstone, zilizohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa London mwaka 1874.

Kitabu hiki husomwa kwa habari za mito, za biashara ya watumwa na za chanzo cha Nile. Mimi nimekisoma kwa habari ya maziwa. Mwishoni mwa 1866, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Livingstone alipotewa na mbuzi wake. Anaeleza kwamba jambo hilo lilimuumiza kuliko alivyodhani, kwani maziwa kidogo ndiyo yaliyomwezesha kuumeza ugali uliomshinda tumboni. Wiki chache baadaye, Januari 1867, wachukuzi wawili wakatoroka na sanduku lake la dawa, naye akaliona tukio hilo kama hukumu ya kifo. Waandishi wa maisha yake wamelishika sanduku wakawaacha mbuzi. Hata hivyo, kwa sikio la msomaji wa mashairi, ni katika habari ya mbuzi ndipo tunapomsikia mtu aliye mbali na kwao.

Miaka ikapita. Agosti 1872, baada ya Stanley kurejea pwani, mzee huyu akaondoka Tabora kuelekea kusini, na safari hii akachukua ng'ombe wa maziwa. Njia yake ilifuata mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, chini ya milima ya Ufipa, pande ambazo leo ipo Wampembe. Ardhi ya Oktoba ilikuwa ya moto hata ikawaunguza watu wake nyayo. Kurasa za huko ni za mpimaji: vilima, vijiji, visiwa, masafa. Ziwa lile zuri halikumtoa neno la huzuni. Kisha tunafika tarehe 27 Aprili 1873, siku chache kabla ya kufa kwake katika kijiji cha Chitambo. Maneno yake ya mwisho kuandika ni machache mno: amechoka kabisa, anapumzika, ametuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa.

Atatokea wa kusema kwamba huyo alikuwa mgonjwa wa tumbo tu, na kwamba maziwa yalikuwa dawa yake, si kumbukumbu. Sikatai. Lakini ugeni huanzia wapi kama si tumboni? Mwili hukijua kilichokosekana kabla ulimi haujakipatia jina la heshima.

Tunaye na wa kwetu wa kulinganisha naye. Sayyida Salme aliondoka Unguja mwaka 1866 akaishi Ujerumani, na kumbukumbu zake zikatoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Yeye haorodheshi sana alichokikosa. Anaorodhesha kilichokuwapo: vyakula, mavazi, vitanda, saa za mchana katika jumba la baba yake. Livingstone anataja kitu kinapomtoka mkononi, Salme anakitaja kama bado anacho. Njia ni mbili, na zote mbili hutufanya tuone.

Iko kasoro moja ambayo uzuri wa shajara hii hauifichi. Nani walitumwa kununua mbuzi wale? Susi na Chuma, waliomtumikia tangu mwanzo wa safari hadi kifo, walikuwa nao mbali na makwao. Wao na wenzao waliuchukua mwili wake hadi pwani, na mwaka 1874 wote wawili walikuwa Uingereza wakimsaidia Waller kuiandaa shajara hiyo. Kitabuni tunasoma walichokitenda, si walichokitamani. Je, walikumbuka chakula gani usiku wa baridi? Katika kurasa mia kadhaa, kiu ya mtu mmoja imeandikwa, na kiu ya waliomtekea maji haikuandikwa.

Hapo ndipo pana kazi kwa mshairi wa leo, awe Muscat, London au Toronto. Asituambie kwamba moyo wake unalia. Atuambie ni mkate upi wa mofa alioukosa, uliookwa tanuri gani, ukaliwa na nini. Asisahau pia kumuuliza anayemfulia nguo na anayempikia huko aliko, maana huenda na huyo ana mbuzi wake aliyepotea.