Pijo ya Keumbu: kizingiti kilifunikwa, hakikutengenezwa

Ile Pijo 504 steshenwagoni iliyokuwa ikitengenezwa bodi nyumbani kwa mwenyewe pale Keumbu imemalizika. Inang'aa, na imeshaonekana ikipandisha kwenda Keroka. Waliofuatilia kazi tangu milango ilipong'olewa wanaisifu. Mimi nasema kazi iliharibika siku ya kizingiti, na rangi haiwezi kuiokoa.

Turudi siku hiyo. Kizingiti cha kushoto, chini ya milango, kilikuwa kimeliwa na kutu kuanzia nguzo ya kati hadi karibu na gurudumu la nyuma. Bisibisi iliingia bila kusukumwa. Grinda ilikuwepo, stima ilikuwepo, mashine ya kuchomelea ilikuwa imekodiwa. Fundi hakukata. Alipitisha brashi ya waya juu juu, akachukua kipande cha bati la paa, geji 30, akakikunja kufuata umbo la kizingiti, akakilaza juu ya kutu na kukifunga kwa riveti. Baada ya hapo filla, msasa, filla tena. Mwenye gari alipouliza, akaambiwa atulie, hapo hapatajulikana.

Hapajulikani, kweli. Lakini 504 ya steshenwagoni si Land Rover, haina chesisi ya kujitegemea chini ya bodi. Bodi ndiyo inayobeba mzigo, na kizingiti ni boriti yake. Bati la geji 30 lina unene wa kama milimita 0.3, chuma kinachofaa mahali pale ni geji 20, karibu milimita 0.9. Gari hili lilitengenezwa libebe watu saba, na sisi tunajua lilivyobebeshwa zaidi ya hapo na ndizi juu ya keria. Mzigo huo sasa unashikiliwa na vichwa vya riveti vilivyouma kwenye kutu. Anayebisha alipige jeki katikati ya kizingiti kile, kisha ajaribu kufunga mlango wa nyuma.

Najua jibu litakalokuja: bati lina zinki, halishiki kutu. Zinki hulinda chuma safi kinachogusana nayo. Haiponyi chuma kilichokwisha kuliwa, tena chenye tope jekundu ndani yake. Katikati ya mabati mawili yaliyolazwa moja juu ya jingine maji hunywewa na ufa na kubaki humo. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi ambao tunaweza kuuita mkavu. Kutu inataka maji na hewa tu, na pale imepewa vyote viwili kisha ikafungiwa ndani isionekane.

Kilichoniuma zaidi ni vile vitundu vya chini. Kizingiti cha 504 kimeachiwa matundu ya kutolea maji, kwa sababu waliokichora walijua maji yataingia. Filla ilipakwa hadi chini na kuyaziba yote. Hata kama chuma kingekuwa kipya kutoka kiwandani, kosa hilo peke yake lingetosha kukiozesha.

Na hii filla! Nimeilalamikia katika safu hii mpaka wauzaji wa makopo wananijua. Sehemu kubwa ya unga wake ni talki, madini yale yale yanayofanya jiwe la Tabaka lichongeke kwa kisu. Wachongaji wetu wanalijua jiwe lao: linakubali umbo, linakubali kung'arishwa, lakini hakuna anayelifanya boriti ya nyumba. Filla ni ya kusawazisha mawimbi madogo juu ya chuma kizima, isizidi milimita 3. Pale Keumbu vidole viwili vya filla vimepewa kazi ya chuma.

Sikatai kwamba sehemu nyingine zilifanywa sawasawa. Madigadi za mbele zilifunguliwa bolti, zikakatwa kutu na kuchomelewa vizuri. Sakafu pia ni safi.

Hilo ndilo linalonishangaza, kwamba mkono uliofanya madigadi ulijua la kufanya. Kizingiti kilitaka kwanza pau ya chuma ichomelewe kuvuka nafasi ya mlango, ili bodi isijikunje boriti ikiondolewa. Kisha kukata hadi chuma cheupe, hata kama kutu inakupeleka mbali kuliko ulivyopanga. Kiolezo cha kartoni, bati la geji 20, ukingo kwa ukingo. Nukta moja huku, nyingine kule, unaacha ipoe, ili bati lisijikunje kwa joto. Praima pande zote mbili, nta au oili ndani ya uwazi, matundu yabaki wazi. Hakuna kifaa hata kimoja hapo kisichopatikana Kisii mjini.

Mafundi wa zamani wa gereji za Grogan walifanya hayo kwa gesi, nyundo na doli, na wengi wao waligusa filla kwa kusitasita. Ndiyo maana bado tunaona Pijo 404 zenye bodi nzima. Tukumbuke pia gari hizi zilipata wapi jina. Mwaka 1963, mbio za magari za Safari zilipolowa, magari saba tu yalimaliza, na Nick Nowicki akashinda kwa 404. Mwaka 1968 mvua ikarudi, yakamaliza saba tena, na mshindi akawa Nowicki yule yule kwa 404. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho hapo jirani, alishinda 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na mwingine, naye alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Fundi wa namna hiyo huinama chini ya gari kwanza. Hata kwenye maonyesho ya magari ya Concours ya Nairobi majaji hukagua chini ya gari, na Pijo hii ingeangukia hapo hapo.

Mzee mwenye gari, masika ya Machi hayajafika. Toboa riveti zile zote, bandua filla, funga pau mlangoni, ukate. Fundi uliye naye anaweza kazi hiyo. Mwambie tu kwamba safari hii hutaki rangi mpaka uone chuma.