Uyombo: Walitaja Mwaka, Upepo Wakausahau

Mradi wa nyuklia wa Kilifi uliharibiwa na uamuzi mmoja, na uamuzi huo haukutoka kwa wahandisi. Watu walitajiwa mahali na mwaka kabla ya kutajiwa upepo na barabara. Uyombo, ujenzi 2027, umeme 2034, megawati 1,000, takribani shilingi bilioni 500. Mvuvi wa Uyombo alijua mitambo itaanza kujengwa lini. Hakujua, kinu kikipasuka usiku wa Januari, yeye na wanawe watapita wapi, vidonge vya ayodini atavitoa nani, na kwa saa ngapi.

Kazi nyingine ilikwenda sawa: sheria za 2019 zilimtenga anayetaka kujenga, NuPEA, na anayekagua, KNRA, na vijana wetu wakapelekwa Korea Kusini kusomea vinu. Kwa hilo sina neno.

Nina neno na ule mpangilio. Watetezi wa NuPEA wamekuwa na jibu moja tangu mwanzo: mpango wa dharura huandaliwa mbele ya safari, wakati wa leseni, kwa hiyo wanaouliza habari za kukimbia wanauliza mapema mno. Jibu hilo si sahihi hata kwa vitabu vyao wenyewe. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limeandika katika masharti yake ya kuchagua mahali pa kinu kwamba mojawapo ya mambo ya kuchunguza ni kama pale patawezekana kuwaokoa watu. Swali la barabara ni swali la kuchagua mahali. Ukishataja mahali bila kulijibu, umelijibu kimyakimya kwa niaba ya watu watakaokimbia. Shirika hilo lina orodha ya mambo 19 ambayo nchi mgeni wa nyuklia inapaswa kuyaweka sawa. Eneo la mtambo limo, mpango wa dharura umo, na kuwashirikisha wananchi kumo. Wakaguzi wake walikuja Kenya mwaka 2015 kuitazama orodha hiyo pamoja na maofisa wetu. Hakuna anayeweza kusema hakuambiwa.

Kwa nini nashikilia upepo? Kwa sababu ya Fukushima, na wasomaji wa safu hii wanaikumbuka. Tetemeko la Machi 11, 2011, wimbi la mita kama 14, jenereta za dizeli zilizowekwa chini kabisa ya majengo zikazama, vinu vikakosa maji ya kupoza. Sehemu hiyo kila mtu anaihadithia. Isiyohadithiwa ni ya kompyuta. Japani ilikuwa na mfumo uitwao SPEEDI, uliojengwa mahususi kukisia wingu la mionzi litapeperukia wapi. Mfumo ulifanya kazi. Makisio yalitoka. Wakubwa wakayakalia, kwa kuwa hawakuwa na vipimo vya uhakika vya kiasi kilichovuja, na ramani ya kwanza ilipotolewa hadharani zilikuwa zimepita karibu wiki mbili. Badala yake walichora duara: kilomita 3, kisha 10, kisha 20. Watu wa mji wa Namie wakakimbilia Tsushima, ndani milimani, nje ya duara, wakakaa huko siku kadhaa wakidhani wamesalimika. Wingu lilikwenda kaskazini-magharibi, palepale walipokuwa. Kijiji cha Iitate kilikuwa kama kilomita 40 kutoka kwenye mtambo. Mvua na theluji zikaishusha sesiamu yenye mionzi mashambani mwao, na amri ya kuhama ikawafikia Aprili 22, zaidi ya wiki tano baadaye. Wamarekani walikuwa wamekwisha kuwaambia raia wao wakae mbali kwa kilomita 80.

Sasa itazame ramani yetu. Kutoka Uyombo hadi Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, kwa mstari ulionyooka, ni kati ya kilomita 70 na 80. Wenye kuchora maduara watasema Kisauni iko mbali. Lakini kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huvuma kutoka kaskazini-mashariki, ukiambaa na pwani hiihii: Uyombo, Kilifi, Mtwapa, Shanzu, Bamburi, Kisauni. Kusi ukiingia, hesabu inageuka. Wingu lingeelekea Gede, msitu wa Arabuko Sokoke, Malindi na vijiji vya ndani, na kusi huja na masika, yaani na mvua ya kuyashusha yote kwenye nyasi za mbuzi na ng'ombe. Manahodha wa Bandari ya Kale hawakuhitaji kompyuta kuyajua haya. Waling'oa nanga na kutia nanga kwa pepo hizo mbili, na mtoto wa miaka kumi chomboni angekwambia Januari tanga linajazwa na upepo wa upande gani. Nimewatetea manahodha hawa katika safu hii mara nyingi na nitaendelea, maana kila mradi mkubwa unaoletwa Pwani huja na ramani isiyo na kaskazi wala kusi.

Halafu barabara. Watu wa Uyombo wanaokimbilia kusini wana daraja la Kilifi, wote, barabara moja. Sisi wa Kisauni, ng'ambo ya kaskazini, tukitaka kwenda ndani bila kuingia kisiwa cha Mombasa, lami tunayoijua ni ile ya Mavueni, Kaloleni hadi Mazeras, na Mavueni iko karibu na Kilifi, kwa hiyo mkazi wa Kisauni angeanza safari ya kuukimbia mtambo kwa kuuendea. Njia ya pili ni daraja la Nyali, kuvuka kisiwa kizima, Makupa, Changamwe, kisha barabara ya Nairobi. Simama Nyali saa kumi na moja jioni siku ya kawaida, mvua ikinyesha, tuktuk zimefungana na matatu, kisha uniambie kuhusu siku isiyo ya kawaida. Likoni angalau wamepata Dongo Kundu. Kabla yake walikuwa na feri, na mji huu haujasahau Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe ilipozama na kuua watu 272 kwa kuwa ilijazwa kupita kiasi. Hapo hapakuwa na hofu ya mionzi. Palikuwa na watu waliokuwa wakiwahi kazini.

Haya yote yangeweza kuwekwa mezani mwanzoni. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mabango ya kuutangaza mradi. Ni ramani mbili za upepo, orodha ya madaraja, ghala la vidonge na jina la mwenye ufunguo. Ayodini-131, ile yenye mionzi inayotoka kinuni, hupungua nusu kila siku 8, hivyo hatari yake kubwa ni ya siku za mwanzo, na kidonge cha ayodini isiyo na mionzi humsaidia mtoto kikimezwa kabla ya wingu kufika au saa chache baada ya kufika. Baada ya hapo umechelewa. Chernobyl mwaka 1986 ilitufundisha kwa maelfu ya watoto waliougua saratani ya tezi ya shingo, wengi wao kwa sababu waliendelea kunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yaliyochafuka. Hakuna aliyewaambia wazazi wao kwa wakati wayamwage.

Badala ya ramani tukapewa hamasisho. Hofu ya watu ilichukuliwa kuwa ujinga wa kuondolewa kwa semina, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipozaa la pili. Hofu ya mionzi ina hesabu yake. Fukushima, waliokufa kwa vurugu na dhiki za uhamisho, wazee waliotolewa hospitalini na wagonjwa waliokaa ndani ya mabasi kwa saa nyingi, ni wengi kupita mno kuliko kifo kimoja cha mfanyakazi ambacho serikali ya Japani ilikubali mwaka 2018 kwamba kilitokana na mionzi. Yaani hata ukiamini kabisa kwamba kinu ni salama, hofu isiyopangiwa inaua. Mhandisi anayeidharau ameacha sehemu ya kazi yake.

Na inaua soko pia. Mwulize mama karanga, yule anayekaanga na kuuza samaki, wa soko la Kongowea. Siku uvumi utakaposema samaki wa hori la Mida, jirani na Uyombo, wana mionzi, hatasubiri kipimo cha maabara, wala mteja wake hatasubiri. Tasi na changu watalala kwenye karai hadi jioni. Japani ilipoanza kumwaga maji yaliyosafishwa ya Fukushima baharini, Agosti 2023, China ilifunga mlango kwa vyakula vyote vya baharini kutoka Japani, ingawa shirika la atomiki lilikuwa limesema mionzi yake iko ndani ya viwango vya usalama. Japani ina hazina ya kuwafidia wavuvi wake. Mvuvi wa Uyombo ana dau na nyavu.

Kama kazi hii ingekuwa yangu ningeanzia Mrima, kule Kwale. Kilima kile kina thoriamu ardhini, na mionzi yake ya asili inajulikana kuwa juu kuliko sehemu za jirani. Wachukue wazee wa Uyombo, wavuvi, walimu na mama karanga, wape kipimo mkononi, wakisome wenyewe Mrima, kisha wakisome ufukweni kwao. Waambie kwamba binadamu kwa wastani hupata millisieverti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, na kwamba Japani ilitumia 20 kwa mwaka kuamua watu gani wahame. Mtu akishaishika namba kwa mkono wake, huwezi tena kumdanganya, wala jirani hawezi kumtisha bure. Kisha mwachie kipimo. Vipimo vya kijiji vibaki kijijini, viandikwe ubaoni kila mwezi kwa miaka kabla hata ya tofali la kwanza, ili siku namba itakapopanda kila mmoja ajue imepanda kutoka wapi.

Nasema kipimo kibaki kijijini kwa sababu ya Owino Uhuru, na wanaochoka kunisikia nikiitaja watanisamehe. Pale Mikindani, hatua chache kutoka Changamwe, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa mwaka 2007 ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Risasi iliyotoka humo nayo haionekani wala hainuki, ni kama mionzi. Ofisi zilizolipwa kupima hazikupima. Aliyegutuka ni Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda hichohicho, mwanawe mchanga alipougua na damu yake ikakutwa na risasi. Yeye na akina mama wa Owino Uhuru wakadai damu za watoto zipimwe, wakakamatwa, wakatishwa, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Tuzo ya mazingira ya Goldman ikamfikia 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi na saba, tangu kufunguliwa kwa kiwanda hadi hukumu ya mwisho. Basi shirika la Omido liliposimama na watu wa Uyombo na kupeleka malalamiko bungeni mwaka 2023, wengine walisema wanaharakati wanachochea. Mimi niliona watu wenye uzoefu wa kupima ambao hakuna ofisi ya serikali Pwani inayoufikia.

Hata kati ya wajenzi wa vinu wapo wa kuigwa. Yanosuke Hirai alikuwa mhandisi wa kampuni ya umeme ya Tohoku, na mtambo wa Onagawa ulipopangwa alisisitiza uinuliwe karibu mita 15 juu ya bahari, kwa kuwa alikumbuka habari za wimbi la mwaka 869. Wenzake waliona anapitiliza. Alifariki mwaka 1986. Onagawa ilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko la 2011 kuliko Fukushima, na wimbi la mita 13 halikuifikia. Zaidi ya watu 300 wa vijiji vya jirani walipoteza nyumba wakaenda kulala ndani ya ukumbi wa mtambo huo. Fikiria: watu wakikimbilia kwenye kinu cha nyuklia. Huko Fukushima walikuwa wameukata mlima ushuke hadi mita 10 ili kurahisisha kazi ya pampu za maji ya bahari. Hirai alianza na bahari, akamaliza na bajeti.

Kwetu, Mei 2024, watu wa Uyombo waliandamana na polisi wakakabiliana nao, wengine wakaumia. Katiba yetu, Kifungu cha 35, inampa mwananchi haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na cha 69 kinaiamuru serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyalinda mazingira. Baada ya rungu, hakuna semina iliyobaki ya kufanya.

Sasa macho yamegeuzwa Siaya, upande wa Lwanda Kotieno, kando ya Ziwa Victoria, na nasikia watu wa huku wakipumua. Mimi nawaomba ndugu zetu wa ziwani wasome yaliyotokea Uyombo kabla ya kusikia mwaka mwingine ukitajwa. Ziwani upepo hugeuka kila siku: mchana hutoka majini kuingia nchi kavu, usiku hurudi majini, na maji hayo ndiyo yanayonywewa. Lwanda Kotieno kuna feri ya kwenda Mbita. Waulize inabeba watu wangapi, na nani ameandika siku hiyo itakwenda mara ngapi.