Neno «jamaa» katika kambi za Kolwezi: Tempels na Kiswahili chake

Kitabu La philosophie bantoue kilitolewa mwaka 1945 mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwandishi wake, padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933 na kuishi kati ya Waluba. Alikiandika kwa Kiflamanki, A. Rubbens akakitafsiri kwa Kifaransa. Katika lugha zote mbili Mbantu husemwa, wala hasemeshwi. Wanaoambiwa ni wakoloni wenye nia njema.

Aimé Césaire alikishambulia vikali katika toleo la 1955 la Discours sur le colonialisme: Mwafrika anatunukiwa falsafa, huku mshahara na mkate wake vikiwekwa kando. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini wengi wanaoirudia huishia kwenye kitabu, wasitazame yaliyotokea miaka minane baadaye huko Ruwe, karibu na Kolwezi.

Huko, kati ya wafanyakazi wa Union Minière, ilizaliwa Jamaa. Ile «nguvu ya uhai» ya kitabu ikageuka maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hayakuchimbwa katika kamusi ya wanateolojia. Ni maneno ambayo mama wa kambini aliyajua tangu zamani, katika kuuguza, kuzaa na kupatana na mumewe. Neno «jamaa» lenyewe lilipanuka. Pwani humtaja ndugu, au hata mtu yeyote apitaye njiani. Katika kambi zilizokusanya watu wa Kasai, wa Lomami na wa ng'ambo ya Luapula, lilitaja undugu usiotegemea damu. Mlango wake ulikuwa ndoa: watu waliingia mume na mke, wakaitwa baba na mama. Hapo teolojia iliacha kueleza utamaduni wa wengine; ilifikiriwa ndani ya lugha yao, nao wakaiendeleza kwa mafundisho yao wenyewe. Johannes Fabian, katika uchunguzi wake wa 1971, alifanya vema kuyachukua mafundisho hayo kama fikra halisi, si kama mwangwi wa padri.

Walakini swali la Césaire halikujibiwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilipendelea mfanyakazi aliyekaa na mkewe na watoto, kwa kuwa hakimbii kazi. Fundisho la ndoa yenye mapendo halikuweza kumkosesha mwajiri usingizi. Uzima ulisemwa kwa kina, ila vumbi la mgodi lililoupunguza uzima huo halikupata neno lake. Kasoro hiyo haikutokana na umaskini wa Kiswahili, kwani wafanyakazi hao hao walikuwa na msamiati mpana kuhusu kazi, deni na posho. Ni mafundisho ambayo hayakuuita.

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Kitabu chake cha Kifaransa kimejadiliwa na vizazi vya wanafalsafa. Mafundisho ya Kiswahili, yaliyopita zaidi mdomoni kuliko katika karatasi, yangali yakingoja wahakiki wa lugha ambayo yalifikiriwa ndani yake.